Kahawa Shavuni mwa Byarugaba

Tangu tunatoka Omurushaka, abiria wa Noah nzima walikuwa wakizungumzia kifo cha Byarugaba, yule aliyewapa askari njia za kahawa ya magendo, kisha, inasemekana, akawapa wenye magendo siku za doria. Ni mwezi wa nne sasa tangu afe, na hakuna aliyekamatwa.

"Wamemuua watu wa magendo wa ng'ambo ya mpaka," alisema Mama Nadhira, mwenye duka la vitenge, nusura asimame. "Aliwachoma mara mbili."

Mzee mwenye kofia aliyeketi kando yake, wala hawakujuana, alitikisa kichwa. "Mama, alikutwa na kahawa ya kutafuna shavuni. Hiyo unapewa ukikaribishwa nyumbani kwa mtu, na mwenyeji anatafuna kwanza mbele yako."

"Kama ilitiwa sumu, basi na mwenyeji angekufa."

"Kama alitafuna."

Hapo nilikata simu ya mke wangu nisipitwe na neno, jambo nitakalomweleza jioni. Mama Nadhira alimgeukia mzee kwa mwili mzima, na ndipo alipokumbuka kumwamkia. "Shikamoo. Hayo ya shavuni umeyajuaje? Sisi wengine hatujayasikia popote."

"Marahaba. Huku kwetu mtu hujua tu." Akatoa kifurushi cha majani makavu ya mgomba, akakifungua. Kahawa ilinukia gari zima. Akatunyooshea. "Karibuni."

"Anza wewe, mzee wangu," alisema Mama Nadhira.

Wote tulimkodolea macho, hata dereva kwenye kioo. Mzee alicheka, akafunga majani yake taratibu. Gari liliposimama Nkwenda, alishuka na kahawa yake yote.