Kiti cha Meneja wa Maziwa

Nikalisheni kitako, wanangu, mniwekee mto mgongoni, kisha mnisikilize. Suleiman, sogea karibu na dada yako Kaltuma, maana tangu mafuriko ya El Niño yapungue na kampuni yetu ya maziwa ifunguliwe upya hapa Garsen, mnagombania mtu wa kuajiri kama mafahali wawili zizini, nami sitaki kufa katikati ya kelele.

Kaltuma, wewe wasema aajiriwe anayeweza, kabila lake shauri yake. Haya. Kumbuka tulipotafuta muuzaji wa Malindi, tukawasaili watu kwa Kiorma chetu na kuwauliza majina ya rangi za ng'ombe. Sidi, Mgiriama wa watu, akashindwa. Akapita binamu yenu Farah, tukasema huyu ndiye hodari. Farah akafika sokoni akasimama kimya kando ya madebe, akiona haya kuwaita wateja, hata maziwa yakaganda. Ikabidi niende mwenyewe kumbembeleza Sidi, naye akaenda Malindi, akauza yote, akarudi madebe yakilia matupu, na Farah akarudi malishoni akiimba. Mwamba ngoma, wanangu, ngozi huivutia kwake: tulipima Uorma, tukauita uwezo.

Wewe Suleiman ukafurahi, ukasema basi kila kabila lipate kiti. Ukamleta Nuhu, fundi wa mitambo, ukamkalisha ofisini kupokea wageni ili waone tumechanganyika. Mwezi haujaisha akanijia akicheka: "Mzee Duba, mmeniajiri niwe Mpokomo, na kazi hiyo naifanya nyumbani bure. Nipeni spana!" Tukampa, na ile jenereta yetu iliyozama matopeni wakati wa mafuriko ikanguruma, nanyi mkacheka mpaka mkashikana mabega.

Ah... kicheko chanikata pumzi. Nipeni maji. Ahsante, mwanangu.

Sasa shikeni neno langu. Ng'ombe gawaneni kama dini inavyoagiza, lakini kampuni msiigawe. Kiti cha meneja ki wazi: habari zifike Ozi chini mtoni, zifike Nanighi juu mtoni, zitangazwe msikitini na kanisani, zisiishie kwa shangazi zenu. Watakaokuja wapewe kazi yenyewe waifanye, na wapimaji wawe Sidi, Nuhu na mama yenu Abdia, ambaye hajawahi kumwonea haya mvivu. Nanyi mkikitaka kiti hicho, pangeni foleni. Ndiyo, Suleiman, hata wewe. Usinikunjie uso, kuzaliwa nami si cheti. Akishinda Mgiriama, mtiini. Akishinda Mworma, asidhani ni damu iliyompa.

Sauti... yaniishia. Kaltuma, nishike mkono huu. Suleiman, huu mwingine. Mungu awape maji yasiyobomoa na malisho yasiyokauka, awape watoto wabishi kama nyinyi, mwonje utamu nilioonja mimi... mkosane mchana, na jioni mle sahani moja. Itikieni amina. Hapana... kila mtu na yake sitaki. Itikieni pamoja.