Miaka Kumi na Mmoja Kwenye Benchi la Kaka

Wapendwa waombolezaji, mimi ninayesoma ni dada wa marehemu, na kazi hii nimepewa na familia ingawa sikuitaka.

Kaka yetu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Randa, alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, mtoto wa kwanza wa mwashi na mshona nguo, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, akaingia chuo cha ufundi, akatoka na cheti cha useremala mwaka 1974. Alifanya kazi kiwandani miaka sita, akafungua karakana nyuma ya nyumba, akafunga ndoa na wifi yangu huyu tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto watatu.

Mabenchi mliyokalia, mimbari ile na milango yote alitengeneza yeye, akavitoa sadaka, na kila mara alishukuriwa mbele ya waumini. Lakini mama alipofariki, Juni 2011, nilichukua kitanda chake bila kumwambia kaka, yeye akasema nimeiba, mimi nikamjibu maneno nisiyoweza kuyarudia hapa, na kwa karibu miaka kumi na mmoja tuliabudu kanisa moja, nimekaa kwenye benchi lake, hatusalimiani, na hakuna hata mmoja wenu aliyetuuliza kulikoni, mlipokea tu milango.

Februari mwaka huu mapafu yalimzidi, akalazwa, wazee wa kanisa wakaenda kumwombea, na humo humo wakamwuliza meza ya Bwana aliyoahidi itakamilika lini.

"Meza iacheni kwanza," akawaambia. "Mungu hana shida ya mbao. Niitieni dada yangu."

Niliitwa Jumatatu, na kwa kiburi changu nikaenda Alhamisi, nikakuta sauti imeshakatika. Alijisogeza, akapapasa godoro nikae, nikakaa, nikamwomba msamaha, akanishika mkono hadi muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Alifariki kesho yake, Ijumaa tarehe 4 Machi 2022, saa nne asubuhi. Zile siku tatu zinaniuma kuliko miaka yote.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumpikia wifi, na maseremala wenzake waliotengeneza jeneza hili. Wazee wangu, meza msiitafutie fundi kwa sasa. Kama humu wamo wawili wasiosalimiana, watoke nje wakazungumze, sisi tutawasubiri.

Pumzika, kaka, kwa amani tuliyoipata kwa kuchelewa.