Gari Tulilolifungua Uani, na Damu Ambayo Bwana Aliizuia

Bwana asifiwe, wapendwa! Naona wengine mmeitikia na wengine mmenikodolea macho tu. Haya, angalieni. Najua yaliyosemwa juu ya nyumba yangu kule kisimani na sokoni, maana na mimi nina masikio. Leo nitasema mwenyewe, tena kwa mdomo wangu huu ambao mnasema haunyamazi.

Kwa wageni, mimi ni Mama Neema, wa hapahapa Gishubi. Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ndiyo maana mnakicheka Kiswahili changu mkisema ni cha redio. Tuliporudi nchini tulimkuta Baba mdogo Leonidas, mdogo wake marehemu baba yangu, kwenye itongo letu, yaani shamba la ukoo. Yeye hakukimbia. Vita vyote vilimpitia palepale, akilima sehemu yake na ya kwetu. Kugawana upya kulikuwa na maneno makali, na kaka yangu Jeremia hakuwahi kuuridhia ule mpaka. Kila akipita pale alikuwa anatema mate. Sikuzulii, Jeremia, uko hapo umekaa, unajua nasema kweli.

Mama alibaki kambini. Aliogopa kurudi. Kila tulipompigia simu alituuliza kama kweli ni amani au ni maneno ya wakubwa. Ndugu zangu, nilimwombea mama yangu mpaka magoti yakaota sugu! Ndipo siku moja akasema, "Njooni mnichukue Kobero, pale mpakani. Nataka kufia kwetu." Sisi tulisikia furaha tu katika maneno yale.

Sasa gari. Mume wangu Ezekieli alikuwa na gari kuukuu la dizeli, ndilo lililotulisha. Alibeba abiria na ndizi kupeleka Gitega mjini. Lakini mnajua mafuta yetu yalivyo: unapanga foleni hadi unakata tamaa, kisha unanunua kwenye kidumu kwa mtu usiyemjua, na humo ndani kuna dizeli, kuna mafuta ya taa, kuna kila kitu. Gari lile lilikuwa na chujio kwenye ekzosi, la kuzuia moshi mchafu. Likaziba. Gari likakosa nguvu kabisa. Likifika kwenye mlima linajikokota, abiria wanashuka wanasukuma, na taa ya njano inawaka pale mbele ya dereva bila kuzima.

Mafundi wa mjini walimwambia alitoe hilo chujio, kila mtu anatoa. Basi akaamua kulitoa mwenyewe, nyumbani. Alitandika majani ya migomba uani, akalala chini ya gari, akakata bomba kwa msumeno wa chuma. Akalipasua chujio, akalitoboa lote kwa nondo, masizi yakamjaa usoni hadi watoto wa jirani wakamkimbia. Tulicheka sana siku ile. Kisha kuna kibomba kingine kinachorudisha moshi kwenye injini, nacho akakiziba kwa kipande cha debe. Mnayajua yale madebe ya mafuta ya kula ya msaada, ya kambini? Sisi tuliorudi hatukuyatupa. Tumeyafanya milango, tumeyafanya mapipa, tumeyafanya paa la jiko. Kwetu sisi debe lile ni jibu la kila kitu.

Pale alipokata bomba palibaki pengo chini ya kiti cha nyuma. Hakuwa na mashine ya kuchomelea. Akapazungushia bati la debe, akakaza kwa waya, akapaka udongo wa mfinyanzi ule ninaosiribia jiko langu. Udongo nilimkandia mimi. Ukakauka vizuri, ukawa mgumu. Gari likapata nguvu, likapanda mlima likinguruma na kutoa moshi mweusi kama tanuru la matofali. Na ile taa ya njano akaibandika plasta nyeusi, asiione.

Tukaenda Kobero kumchukua mama. Tulikuwa mimi, Ezekieli, mwanangu Neema na mdogo wangu Domitila. Kabla hatujaondoka, Baba mdogo alileta kikapu cha chakula: ndizi, maharage na kuku aliyemchinja mwenyewe. Alisema mke wa kaka yake akivuka tu mpaka, kinywa chake kionje kwanza chakula cha Gishubi. Alikiweka mlangoni akaondoka haraka, alikuwa anawahi ng'ombe. Hakukionja mbele yetu. Shikeni neno hilo, ndugu zangu. Hapa kwetu, anayekupa kinywaji au chakula anaonja kwanza yeye, ndipo na wewe unakula kwa amani. Asipoonja, hata kama ni ndugu yako wa damu, moyo unakudunda.

Mama alivuka akiwa na mkeka na mwavuli. Mama yangu! Alipiga magoti pale katikati ya malori na wabadilisha pesa, akashika udongo, wapagazi wakawa wanampita pembeni. Tukakaa penye kivuli tukafungua kikapu. Domitila ndiye aliyetupakulia. Mama alikula akasema hata chumvi ya kwao alikuwa ameisahau ladha yake. Ezekieli alikula kuliko sisi sote, akalamba vidole.

Tulipouacha mji wa Muyinga mvua ikaanza. Mvua kubwa, ya kupofusha. Tukapandisha vioo vyote. Kioo cha Ezekieli peke yake hakikuwa kinapanda hadi juu, maji yakawa yanamlowesha bega. Mimi nilikaa mbele pamoja naye. Nyuma walikaa mama, Domitila na Neema. Walikuwa wanaimba nyimbo za shukrani, mama anaanzisha, wao wanapokea. Kisha Neema akaanza kulia, anataka kuja kwangu. Nilimgombeza, nikamwambia akae na bibi yake. Hakunyamaza. Kwa hasira nikamvuta nikampakata mbele.

Nyuma wakanyamaza kuimba. Nikasema moyoni, wamechoka, waache walale. Kichwa changu kilikuwa kinaniuma, nikadhani ni njia. Milima ilikuwa mingi, gari linanguruma, harufu ya moshi imejaa, lakini gari lile siku zote lilinuka moshi. Ndipo Neema akanitapikia, akalegea mikononi mwangu. Nikapiga kelele Ezekieli asimame. Nikafungua mlango wa nyuma.

Mama alikuwa ameegemea bega la Domitila. Uso wake ulikuwa mzuri, umetulia. Nilimwita. Nilimwita tena kwa jina lake la utotoni, lile ambalo mtoto haruhusiwi kumwita mama yake. Mama alikuwa amekwenda. Domitila alikuwa bado anapumua, lakini macho yamegeuka.

Tulirudi mbio Muyinga hospitalini, milango ya nyuma tumeifunga kwa kamba, haikuwa inafungika vizuri kwa jinsi tulivyowalaza. Neema alikuwa ameshazinduka kwa upepo wa njiani; Domitila walimwekea hewa, wakamwekea na dripu. Wakatuuliza walikula nini. Nikasema walikula chakula cha kikapu. Hakuna aliyeuliza juu ya gari, na mimi sikulitaja, halikunijia akilini. Ezekieli alisimama dirishani. Hakusema kitu.

Nilimpigia simu Jeremia kumwambia mama amefariki. Akaniuliza neno moja tu: "Alionja?" Nikamwambia hapana, Baba mdogo hakuonja. Simu ikakatika.

Ndugu zangu wapendwa, nyinyi mnanifahamu, mimi si mtu wa kuzunguka. Nchi hii imeshamwaga damu kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Tulipofika nyumbani na mwili, kilima chote, yaani kijiji chetu kizima, kilikuwa kimeshahukumu. Shamba, mpaka, mjane aliyerudi kudai sehemu ya mumewe, chakula kisichoonjwa. Nani angehitaji ushahidi mwingine? Na mtu akiuliza mbona Ezekieli alikula na ni mzima, anajibiwa kwamba sumu ya kwetu inamjua inayemtafuta. Mimi mwenyewe niliamini. Nililia huku nikimwona Baba mdogo akimchinja yule kuku.

Asubuhi ya mazishi Baba mdogo alikuja na jembe begani. Alikuja kuchimba kaburi, kama inavyompasa mkubwa wa ukoo. Wanaume walikuwa wamekaa uani na mapanga yao chini ya makoti. Jeremia akatoa kile kikapu. Kilikuwa na mabaki, yameshaanza kuchacha. Akamwekea mbele yake.

"Onja sasa," akamwambia.

Mzee aliwaangalia, akaweka jembe chini. Hakubishana. Aliingiza mkono akala, akala hadi akakwangua chini. Alipomaliza, Jeremia akasema bila shaka amekunywa dawa ya kuikata sumu kabla hajatoka kwake. Wakasogea. Niliona panga la kwanza likitoka kwenye koti. Bwana! Nilitaka kupiga kelele na sauti haikutoka. Mimi, ambaye sijawahi kukosa sauti, nikaikosa.

Domitila alikuwa ndani, amelala kwenye mkeka karibu na jeneza. Tangu atoke hospitali alikuwa hajasema neno la maana. Akatambaa hadi kizingitini, akashika mwimo wa mlango.

"Kaka, mimi sikula," alisema. "Nilikuwa nimefunga."

Alikuwa ameweka nadhiri asile wala asinywe hadi mama aingie nyumbani kwetu. Alifunga kwa siri, kama Bwana alivyofundisha, uso umeoshwa na mafuta amepaka, anatupakulia sisi na sehemu yake anamtilia Neema. Hakuna kati yetu aliyejua. Hakuonja hata mchuzi wa kikapu kile, na bado alianguka pamoja na mama!

Mapanga yakasita. Watu wakawa wanatazamana. Na hapo, ndugu zangu, Roho wa Bwana alimgusa mwanaume mmoja, kwa sababu angeweza kunyamaza hadi leo na nani angejua? Ezekieli alitoka nyuma ya umati, akapiga magoti kwenye matope mbele ya wote.

"Si chakula, ni gari langu," akasema. "Nimeangalia chini yake. Udongo wote umeanguka, bomba liko wazi chini ya kiti chao. Moshi ulikuwa unaingia pale walipokaa. Mama nimemuua mimi."

Hapo ndipo nilipouelewa ule ukimya wake wa dirishani. Hasira ya watu ikageuka. Jeremia alimwacha mzee akamwendea mume wangu, na wale wengine nyuma yake. Mimi nilikuwa nimembeba Neema. Sikuomba asiuawe. Nawaambia kweli, wakati ule sikuomba chochote.

Aliyesimama katikati ni Baba mdogo Leonidas. Mabaki ya chakula yangali mdomoni. Alichukua jembe lake, akalisimamisha mbele ya Ezekieli kama mtu anayeweka mpaka, akawaambia kwa Kiswahili chake cha hapa, taratibu tu:

"Mi nilikuja kuchimba kaburi moja. Haiko mbili. Mwenye anataka ya pili, achimbe yake mwenyewe, aingie."

Akageuka akaenda kuanza kaburi. Alichimba peke yake, mzee yule, jasho linamtoka, hadi Jeremia akaweka panga chini akamfuata kumpokea jembe. Tulimzika mama kwenye sehemu ya Baba mdogo, upande wenye kivuli. Aliitoa mwenyewe. Hakuna aliyemwomba.

Ezekieli alikwenda mwenyewe kujieleza kwa wakuu, wakamweka ndani, baadaye wakamwachia. Gari lile alilivunjavunja, hakutaka kuliuza mtu mwingine akaingiza watu wake humo. Na nyinyi wenye magari yenu hapo nje, msiinamishe vichwa. Mnatoa machujio, mnakata mabomba, mnaziba kwa matambara na madebe kisha mnabeba watoto wa watu. Mama yangu alipita vita, alipita njaa, alipita kambi, akaja kuuawa na moshi akiwa anaimba. Jisikieni vibaya. Nataka mjisikie vibaya.

Mkiniuliza kama nimemsamehe mume wangu, sitawadanganya mbele ya madhabahu. Kuna siku nampa chakula naondoka asinione ninavyolia. Lakini namshukuru Mungu kwa kilio cha Neema nilichokigombeza. Namshukuru kwa mfungo wa Domitila. Namshukuru kwa kinywa cha mume wangu kilichofunguka kwa wakati, na kwa mzee huyu ambaye yu hai, hapa, benchi la pili. Kama una mtu ambaye umeshamhukumu moyoni, unangoja tu siku, mkabidhi Bwana leo kabla hujatoa panga. Mwamini. Yeye anaona hata chini ya gari, pale sisi tusipoinama.

Nina ombi moja tu, kisha nikae. Ezekieli hajaingia kanisani tangu tulipomzika mama. Leo nimemleta hadi pale nje, amesimama ukutani kwenye jua, anasema hastahili kuketi na nyinyi. Mimi nikimwita hatakuja, mchungaji akimwita hatakuja.

Baba mdogo, nakuomba. Nenda wewe ukamlete.