Hatua Sita za Kurudi Nyuma

Wamalwa, zima simu hiyo, na wewe Diana fungua mlango nione kama kuna mtu anasikiliza nje, kwa sababu mimi baba yenu nimeishi miaka mingi bila kumwamini mtu na sitaanza leo, eti kwa kuwa nalishwa uji kwa kijiko. Kaeni karibu. Najua mmeshaongea na mtu wa kupima ardhi. Msinitazame hivyo, jana mliponitoa nje kuota jua niliona alama za viatu vyake uwanjani kwangu, na mimi sijafa. Nitasema nani anachukua uwanja na nani anachukua Sabuni, yule farasi jike mweupe, lakini kwanza sikieni kosa langu, maana nimewalea ndani yake.

Mnajua kazi iliyowasomesha. Watu waliniletea farasi hapa Cheptiret, wakali na wavivu, nami niliwafundisha kwenye uwanja ule tambarare. Wengi walidhani ni kuzunguka tu. Farasi akizungushwa njia ileile kila asubuhi huchoka moyo, masikio yanalala, anafanya jambo kabla hujamwambia, halafu anaanza hila. Kwa hiyo leo nilimpeleka duara kubwa, kesho dogo, mara umbo la nane, mara kupindapinda toka ukingo hadi ukingo, mara kuvuka nguzo za mkaratusi nilizolaza chini, mara kwenda kando, mara kusimama tu na kungoja. Jirani yetu Kipkemboi aliegemea ua akitazama, akiniuliza, huku akicheka, iwapo farasi naye ana mtaala.

Basi uchaguzi ule uliozua vita vya makabila ukapita, na mwanzoni mwa Januari tukaona moshi upande wa barabara kuu, nikawachukua nyinyi na marehemu mama yenu tukakimbilia kambini mjini. Sabuni tulimwacha kwa Kipkemboi. Mama yenu ndiye aliyetaka hivyo, mimi nilishakuwa na shaka, kwani siku zile hukujua nani bado ni jirani yako. Tuliporudi Machi nyumba ilikuwa majivu, ng'ombe wanne hawapo, na Sabuni amenona. Kipkemboi akaniambia alimficha ndani ya stoo ya mahindi wiki zote tisa, hakutoka hata siku moja.

Sikumwamini. Farasi aliyefungiwa wiki tisa hutoka na wazimu, kichwa kinayumba, miguu imekakamaa, na huyu alitoka mtulivu, mwili laini kabisa. Nikampeleka uwanjani. Akatembea hatua sita, akasimama, akarudi nyuma hatua sita bila kuambiwa. Nikamgeuza, akarudia vilevile. Nikamsimamisha, wanangu, kwa sababu kwa akili yangu ni kazi moja tu inayomzoeza farasi hivyo, nayo ni kufungua na kufunga mageti mtu akiwa juu yake. Nikamwona kichwani mwangu Kipkemboi amempanda farasi wangu, anaswaga ng'ombe wangu. Sikumuuliza. Nilijiambia nikimuuliza nitakuwa nimempa nafasi ya kupanga uongo wake vizuri.

Ndipo nikawakataza kusalimia boma lile. Wewe Diana nilikuchapa kwa kupokea maziwa kutoka kwa Jelagat, binti yake. Na Sabuni nilimtia fimbo mwaka baada ya mwaka nikitaka kumwachisha zile hatua sita, na hakuziacha.

Mwezi uliopita Kipkemboi alipofariki nilienda mazishini, na nisiwadanganye, nilienda kuhakikisha kweli amekufa. Mvua ikashuka, wazee tukaingizwa katika ile stoo. Nguzo ya mwisho nikaikuta imetafunwa, usawa wa kifua changu. Nikasema moyoni, ni mbuzi. Lakini mbuzi hafiki pale, na kwenye nyufa za mbao, chini ya utando wa buibui, kulikuwa na nywele nyeupe. Nikarudi mlangoni, nikampanga farasi kwa mawazo, mkia wake mlangoni, nikahesabu hatua zake mpaka pua igonge ukuta. Sita. Na stoo yenyewe ni nyembamba, farasi hawezi kugeuka humo, akifika mwisho lazima arudi kinyumenyume.

Jelagat aliniona nikihesabu. Akaja akasema, “Mzee Nicanor, baba alisema farasi wako hutaka kubadilishiwa. Uwanja hatukuwa nao, tulikuwa na hatua sita tu.”

Akanieleza. Siku moja polepole, siku nyingine kusimama kwenye hatua ya tatu, siku nyingine kuvuka magunia yaliyolazwa chini, au mipini ya majembe. Yeye ndiye aliyemtembeza, msichana wa miaka kumi na minne. Na baba yake yuko nje anawaapia watu waliokuja kutafuta mifugo yetu sisi tuliokimbia, kwamba humo ndani ni mahindi matupu. Wangemkuta angechomewa boma lake. Mimi alama zote nilikuwa nimeziona, na zote nikazielekeza kwenye ubaya. Na Kipkemboi alikuwa palepale nje, ndani ya sanduku, na miaka yote ile sikuwahi kujibu salamu yake. Naona aibu, wanangu. Naona aibu sana.

Maji, Diana. Ni maji tu haya? Haya.

Uwanja haukatwi ploti. Ni wenu wawili, limeni pembeni, katikati pabaki tambarare. Wamalwa, sema ndiyo. Sasa sema tena ukinitazama usoni. Sabuni ni wa Jelagat. Mpelekeni nyinyi wenyewe, kwa miguu, mchana, watu waone, msimtume mtu. Mwambieni Jelagat kwamba baba yenu alimshuku baba yake na hakuwa na haki. Semeni hivyohivyo, msilainishe.

Sogeeni... mkono huu uko juu ya nani? Mungu awatunze. Awape jirani kama yule, na awape moyo wa kumuuliza kabla... ngojeni nipumue.

Mkifika getini kwake Sabuni atasimama. Atarudi nyuma. Wamalwa, usimvute, usimpige. Mimi nilimpiga. Mwacheni arudi zote... mpaka ya sita... halafu mpeni Jelagat kamba.