Marehemu Mmoja Mara Tano

Kila anayekaa hapa siku hizi: "Bibi, tusimulie ile ya jiwe." Hamna haya nyie. Aliyeharibu ni mwanangu wa kumzaa, na aibu ya mtoto hulala na mama yake. Haya, sogeeni. Ilikuwa asubuhi, benchi hili hili, mimi na birika langu la kahawa, Kinyozi, na jirani tunayemwita Redio, asiyejua kunyamaza. Mwanangu, Katibu wa chama chetu cha kuzikana, alikuwa amehamishia mambo yote kwenye daftari la kompyuta. Kitabu cha karatasi akakitia moto, tena kwa kujisifu. Mara mchonga mawe akatokea, anasukuma mkokoteni. Jiwe la kuwakumbuka wenzetu watano waliofariki. Mistari mitano, jina lile lile: la muuza maziwa tuliyekuwa tumemzika mwezi mmoja kabla.

— Mimi nachonga nilichoandikiwa, akasema. Nikadhani mlimpenda sana.

— Hicho kirusi cha kompyuta, akasema Redio. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Kirusi wapi! akadakia Kinyozi. Yule mama muuza maziwa alikuwa anaruka foleni tangu yuko hai. Sasa anawaruka wafu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kinyozi, na je kama wote watano walikuwa mtu mmoja? Uliwahi kuwaona pamoja?

— Redio, mmoja wao ni mume wangu. Nilimfulia miaka thelathini.

Redio akazamisha mdomo kikombeni. Katibu, aliyekuwa amekuja nyuma ya mkokoteni, alikuwa anatazama viatu vyake.

— Sema, mwanangu.

— Mama, niliweka neno moja, "marehemu". Nikiandika jina la mtu mahali pake mara moja, kurasa zote zinalichukua. Halafu kuna amri fupi, inaitwa makro. Naibonyeza, inatoa tangazo zima, pole na sala humo humo. Akifa mtu nabadilisha jina tu.

— Na waliotangulia?

— Nao... wanabadilika.

— Yaani kila msiba ulifuta msiba.

— Sikujua, mama.

— Kuchoma kitabu ulijua.

Mchonga mawe akatoa penseli sikioni.

— Basi nitajieni upya. Huyu wa tatu, mshona viatu aliyekuwa akikaa hapa. Aliitwa nani?

— Kobe! tukasema wote.

— Hilo la utani. Jina lake?

Hata Redio hakulijua. Miaka kumi na moja nilimmiminia kahawa yule mzee. Najua hakutia sukari, najua goti lililomuuma. Jina sikuwahi kumuuliza.

Katibu akazunguka nyumba za wafiwa, akianzia kwangu. Jina la baba yake alilijua. Matusi nilimpa vilevile. Nyumba nyingine tatu akapewa jina na matusi yake. Chumba cha Kobe akakuta mpangaji mpya, hamjui Kobe wala kobe. Hapo hapakuwa hata na wa kumtukana.

Mistari mingine mchonga mawe akairekebisha. Wa tatu, wa Kobe, chama kilimwamuru Katibu aukwangue mwenyewe kwa patasi, mchana kweupe. Siku mbili alipiga magoti mbele ya jiwe, watu wakipita, mpaka pakabaki patupu.