Mkutano wa Watu Wawili

Ndani ya treni, binti aliyekaa mbele yangu alikuwa anamsimulia muuguzi, mtu aliyekutana naye humo humo. Binti anasoma maendeleo ya jamii chuoni, na sasa yuko kwenye mafunzo kwa vitendo katika nyumba za kupanga karibu na kiwanda.

"Niliwaita wapangaji wote tujadili shida ya maji," alisema. "Akaja mzee mmoja tu, fundi cherehani, mjane. Tulipomaliza akaniuliza, mwanangu, mkutano mwingine lini? Nikamtajia siku ya leo. Ndiko ninakokwenda."

"Lakini umesema makao makuu ya shirika wamekupa nafasi ya kufanyia mafunzo kwao," muuguzi alisema. "Huko utajuana na watu, mdogo wangu. Hapa unamliwaza mzee tu. Hayo ndiyo mabadiliko ya jamii?"

Mimi nilijifanya nasoma gazeti.

"Dada, tangu nihamie mji huu, ni yeye tu aliyewahi kuniuliza nitarudi lini."

Muuguzi alimshushia begi lake. Treni ikasimama, binti akashuka.

"Mwambie huyo mzee awagongee milango wenzake!" muuguzi alimpazia sauti kutoka dirishani.

Sidhani kama binti alisikia.