Ndimu Katika Jicho Langu

Amahoro, amani kwenu, ndugu zangu wapika sabuni. Nimehudhuria mikutano mingi bila kufungua mdomo. Wananiambia kwenye ushuhuda mtu hataji jina la mwenzake. Mimi leo nitataja. Bosco, mume wa mdogo wangu, usitazame mlango. Kaa.

Shule nilifika mwaka wa tatu tu. Lakini sude, ile dawa nyeupe inayogeuza mawese kuwa sabuni, mama yangu alinifundisha sheria yake: maji kwanza, halafu sude ndani yake, kidogo kidogo. Usigeuze. Miaka yote sikugeuza.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Sude ikavuta unyevu, ikagandana kama jiwe ndani ya bidoni, dumu letu la plastiki. Sisi hatutupi kitu, mnatujua. Nikamimina maji juu yake niibandue. Ndugu zangu, ilinguruma! Ikachemka bila moto, ikaruka, ikanipiga macho yote mawili, la kushoto zaidi.

Ziwa liko pale, hatua thelathini nyuma ya nyumba. Nilikuwa ninakwenda huko nikipapasa ukuta. Bosco akanishika mkono.

Alikuwa mwaka wa kwanza iniversite, akisomea mambo ya udongo na maji. Kaye yake, daftari la kemia, aliibeba hata kwenye harusi.

"Shemeji, simama! Maji yataisambaza. Sude ni bazi, kinyume cha asidi. Asidi na bazi zinauana, inabaki chumvi na maji tu. Leteni ndimu!"

Mama Aisha, jirani yangu, akamfokea: "Wewe Bosco, mtu anaungua unamfundisha masomo? Mpeleke ziwani!"

"Mama, hii ni sayansi. Wewe umesoma wapi?"

"Sijasoma. Lakini nimewahi kuungua."

Na mimi nikamwamini Bosco. Niseme ukweli, mtu asiyesoma anaogopa kaye. Nikalala chali, nikafumbua jicho la kushoto kwa vidole vyangu mwenyewe, yeye akakamua. Nawaambia, nilikuwa nasikia mawimbi, maji ya kuosha macho ya Burundi nzima, na mimi niko chini nangoja ndimu ya pili.

Maumivu yale sitayaeleza. Alipotaka kuhamia jicho la kulia, Mama Aisha akampiga kikumbo. Akanikokota kwa kitenge changu mpaka majini, akanizamisha kichwa, akanitoa, akanizamisha tena, "Fumbua! Fumbua macho!", mpaka jua likahama. Nilidhani ananiua.

Hospitalini daktari akauliza, "Mliosha kwa maji papo hapo?" Nikasema, tulianza na ndimu. La kushoto lilikuwa limekuwa jeupe kama yai la kuchemsha.

Mwaka uliofuata Bosco akaja, akakaa kwenye kigoda, kichwa chini.

"Shemeji, yale niliyosema yalikuwa ya kweli. Lakini asidi na bazi zikikutana zinatoa joto, na ndimu yenyewe inaunguza jicho. Kwanza ni maji, mengi, muda mrefu. Iko kwenye somo."

"Tangu lini?"

"Mwalimu alifika hapo baadaye. Ilikuwa chapita ya mbele, sura ambayo hatujaifikia."

"Na jicho langu ningeliambia lingoje hiyo chapita?"

Akarudisha kigoda mahali pake, akaenda.

Nilirudi kupika baada ya miaka miwili. Msiniite jasiri, ni njaa. Jicho moja halijui umbali. Mkono wangu unamimina pembeni ya ndoo. Mama Aisha anasimama karibu: "Kulia. Tena kidogo. Haya, mimina." Mfuniko wa bidoni ukilia tu, narudi nyuma hatua mbili. Mnasema nimeshinda. Mimi sijui jina la kitu hiki.

Murakoze, asante, Mama Aisha. Hili jicho ninalowatazama nalo ni lako. Bosco, sijakusamehe. Ningekuwa nimeweza, ningesema mbele ya hawa.

Nanyi ndugu zangu, msifungue sude bila ndoo ya maji safi pembeni. Ikikupiga, usingoje aliyesoma, usingoje hata mimi. Osha. Osha mpaka wanaokutazama wachoke, halafu endelea kuosha.